Gadi Zote Nne

Idrisi bin Kasim alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyakata mikia. Bisibisi kwake ilikuwa bisi. Kabureta ilikuwa kabu. Na madigadi ya gari, yale mabati yaliyopinda juu ya magurudumu kuzuia matope, kwake yalikuwa gadi tu. Mkewe, Mashavu, alimwuliza siku moja kama huko alikotoka maneno yanauzwa kwa ratili.

Alikotoka ni papo hapo Majengo ya Embu. Baba yake alikuja na msafara wa askari kutoka Unyamwezi, mzigo kichwani, akachoka alipofika Embu na hakuondoka tena. Alioa binti wa Kiembu, akamsilimisha, wakamzaa Idrisi. Kwa hiyo Idrisi alikuwa na Kiembu cha mama, Kiswahili cha baba na cha chuoni alikosomea Kurani, na ufundi alioupata vitani. Nasema vitani, lakini risasi hakuisikia. Miaka minne alilala chali chini ya malori ya jeshi kule Nanyuki, akiyapaka lami tumboni. Wenzake walirudi na nishani, yeye akarudi na kikohozi na ujuzi.

Ujuzi wenyewe si mdogo, ingawa hauonekani. Gari likipakwa rangi nzuri juu, kila mtu hulisifu. Lakini gari haliozi kutoka juu. Huozea chini ya gadi, mahali ambapo tairi hurusha mawe na udongo mwekundu, na udongo huo hushika na kukaa na unyevu wake mwaka mzima. Idrisi alikuwa akiivua gadi, akaichoma kwa moto mpaka rangi ya zamani ivimbe, akaikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ikikauka, aliyeyusha lami ndani ya debe, akatia oili chafu kidogo na nta ya nyuki, siri aliyojitungia mwenyewe, kisha akaipaka upande wa ndani ikiwa moto. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili: wa kwanza mwembamba, wa pili mzito. Lami ikiwa na nta haipasuki hata jiwe likiipiga. Kazi hiyo hakuna aliyekuja kuitazama, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 1954, Imajensi, ile hali ya hatari ya Serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni, ikiwa imekolea, lori la Njeru lililetwa Majengo likivutwa kwa mnyororo. Njeru alikuwa mwenye duka wa Kianjokoma. Lori lake lilikuwa limelala nyuma ya duka miaka miwili, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Sasa Njeru alikuwa amepata leseni ya kusafirisha unga kwa vile vijiji vipya ambamo watu walikuwa wamekusanywa kwa amri, kwa sharti kwamba lori likaguliwe na kupita kabla ya mwezi kwisha. Yeye mwenyewe hakuweza kuja Embu kuona kazi inavyokwenda. Siku hizo Mwembu, Mmeru au Mkikuyu hakutoka kijijini bila kuwaonyesha pasi homgadi, walinzi wa kienyeji wa Serikali, na pasi ya Njeru ilikuwa ya mara moja kwa mwezi. Watu wa Majengo walipita bila pasi, kwa sababu Serikali ilikuwa haijaamua iwaweke katika kabila gani.

Mjumbe kati ya wawili hao alikuwa Karimi.

Karimi alikuwa mjane, jirani yake Njeru katika kijiji kimoja kipya huko juu Kianjokoma. Binti yake, Mukami, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amelazwa hospitali ya Embu tangu Agosti kwa ugonjwa wa mfupa wa nyonga, mguu umefungwa uzito ili usipinde. Karimi alipewa pasi ya kumwona kila Alhamisi, kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Alishuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, na njiani alipita Majengo, Mashavu akampa chai. Hakukosa Alhamisi hata moja. Mvua ilinyesha, alikuja. Jino lilimuuma, alikuja na shavu limevimba.

Alhamisi moja, Karimi akinywa chai yake ya kuondokea, Idrisi alikuwa amemaliza kuzikagua gadi za lori la Njeru na kuona hali yake ni mbaya. Alichana ukurasa wa daftari, akaandika kwa penseli:

"Gadi zote nne zimeoza. Mbili dawa yake ni kukata. Mbili nitachoma moto, nikwangue, nipake lami. Lete mafuta ya taa debe moja. Jumamosi namaliza. Usiambie watu."

Hilo la mwisho aliliandika kwa kuwa lami ilibaki kidogo, na wenye magari wakisikia kwamba iko wangemjia kama nzi. Mafuta ya taa aliyaomba kwa sababu mjini yalikuwa adimu, na Njeru alikuwa nayo dukani; Ali mchinjaji, aliyepanda huko kununua mbuzi, angeyashusha.

Mashavu aliisoma juu ya bega lake. Alikuwa anajua kusoma kuliko yeye.

"Barua gani hii haina salamu?" aliuliza. "Haina jina la anayepelekewa, haina jina la mwenyewe. Hata mbwa huitwa kabla ya kutupiwa mfupa."

"Anayepelekewa anajua," alisema Idrisi.

Na kweli, barua za watu wa Majengo zilikuwa na salamu nusu ukurasa kabla ya kufika kwenye jambo: ama baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, wasiwasi ni juu yenu, fulani anakusalimu na fulani naye pia. Idrisi aliona kuandika hivyo ni kupoteza penseli. Akaikunja karatasi, Karimi akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaaga, akaenda.

Ijumaa karibu na adhuhuri, Idrisi alikuwa amechuchumaa mbele ya debe lake akikoroga lami, gadi ya kwanza iko tayari pembeni, imekwanguliwa na kupigwa rangi nyekundu. Ali mchinjaji akaingia uani. Ali alikuwa ametoka huko juu kununua mbuzi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata mbuzi.

"Idrisi ndugu yangu, ulimpa yule mama barua?"

"Nilimpa."

"Basi amekamatwa. Jana, pale mlangoni pa kijiji. Homgadi wamempekua, wamepata karatasi. Wanasema ni barua ya watu wa msituni, na hizo gadi ni wao. Ati gadi zote zimeoza, ati wawili watakatwa, wawili watachomwa moto na kupakwa lami, Jumamosi kazi imekwisha. Na mafuta ya taa yaletwe. Idrisi, wewe uliandika hivyo kweli?"

Idrisi alibaki na kijiti mkononi. Aliyarudia maneno yake mwenyewe moyoni, moja moja, na kila moja liligeuka na kumtazama kwa uso mwingine. Lami ikachemka, ikapanda, ikamwagikia motoni, na hakuiepua.

"Amesema ni ya nani?" aliuliza Mashavu kutoka mlangoni.

"Amesema ameiokota njiani. Wamempiga, akasema ameiokota. Wamempiga tena, akasema hivyo hivyo. Wamemtia ndani ya lile shimo la kituo chao, wanamofungia watu."

"Na Njeru? Si aseme gadi ni za lori lake?"

"Njeru amejifungia nyumbani, anaogopea leseni yake. Nilipiga hodi, akaniambia anaumwa tumbo."

Ali alikwenda zake. Alikuwa na nyama ya kuuza, na hakutaka kuonekana sana katika ua huo.

Tuseme wazi: Idrisi aliogopa. Karatasi haikuwa na jina lake. Karimi hakumtaja. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo na kupelekwa kambi za mbali, na jamaa zao hawakujua kama wako hai. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemjua. Aliliepua debe, akaitazama lami iliyoungua, akaimwaga, maana lami ikiungua hupoteza ulaini na haifai tena. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Pengine watamwachia wenyewe," alisema.

Mashavu hakupandisha sauti. "Amekunywa chai yangu miezi mitatu. Amepigwa mara mbili, hakulitaja jina lako, na wewe uko hapa umekalia tairi. Nawe umeoza kama hizo gadi zako?"

Idrisi aliinuka, akayeyusha lami nyingine, akatia nta, akaichukua ile gadi iliyokuwa tayari, akaipaka nusu. Nusu nyingine akaiacha nyekundu.

Jumamosi, kulipopambazuka tu, aliifunga gadi nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaning'iniza kopo la lami kwenye usukani, akaanza kupanda. Barabara ya Kianjokoma ni ya udongo na inapanda tu, na Novemba inateleza. Mahali pengi alisukuma. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alimwuliza amebeba nini. Akafungua kinywa kusema gadi, akakifunga, kisha, kwa mara ya kwanza tangu vita, akalitamka neno lote: "Madigadi, afande. Madigadi ya lori." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, na yeye alikuwa amejikwaa penseli.

Kituo cha homgadi kilikuwa karibu na mlango wa kijiji, kimezungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa. Mkubwa wake aliitwa Kithaka, mtu mwembamba aliyesoma misheni mpaka darasa la nne, mwenye koti la jeshi lililomzidi mabega. Alimsikiliza Idrisi akiwa amesimama, karatasi mkononi.

"Wewe Mswahili, hii barua nani aliandika?"

"Ni mimi, afande. Yule mama hajui kusoma. Hajui lolote."

"Unakubali?"

"Nakubali. Lakini si gadi watu. Ni gadi za gari, kama hii hapa."

Kithaka aliisoma tena barua, midomo ikicheza. "Hapa imesema gadi zote nne zimeoza. Mimi iko na gadi kumi na mbili. Kila usiku nne ndio inalinda daraja ya handaki. Nne, unaona? Nani amekuambia ni nne?"

"Lori lina magurudumu manne upande wa nje, afande. Kila gurudumu gadi yake." Na hapo Idrisi akaona mlango, akaukimbilia. "Tena tazama maneno yenyewe. Nimeandika gadi *zote*, *zimeoza*. Kama ingekuwa watu ningeandika gadi *wote, wameoza*. Mtu ni wote. Chuma ni zote. Mtoto wa chuo anajua hilo."

Kithaka alimtazama, na kwa kweli hakuelewa. Akawageukia vijana wake waliokuwa wamesimama na mikuki. "Nyinyi, gadi zote ziko hapa?"

"Zote iko, afande!" wakaitika.

Maisha yake yote Idrisi alikuwa amekicheka Kiswahili cha watu wa huko juu, jinsi wanavyowaita watu zote na ng'ombe mingi, na kumbe barua yake ilikuwa imesomwa na wasomaji wake ipasavyo. Kwa sarufi ya Majengo alikuwa na haki. Kwa sarufi ya kituo kile alikuwa amepanga kuua watu wanne.

Basi aliacha maneno, akaomba moto. Walimpa mawe matatu na kuni. Akaliweka kopo, lami ikaanza kulainika na kutoa ile harufu yake, akaisimamisha gadi kwenye jua ipate joto, maana chuma baridi hakishiki. Akachovya brashi. Akaipaka ile nusu iliyobaki, kutoka ukingoni kwenda kati, akipita pembezoni mwa matundu ya skrubu bila kuyaziba, na huku akiwaeleza, kwa Kiembu cha mama yake ambacho alikuwa hajakitumia mbele ya watu kwa miaka: hapa ndipo nilipochoma moto, hapa ndipo nilipokwangua, mafuta ya taa ni ya kuoshea. Homgadi walisogea. Mmoja aliigusa lami kwa kidole, akanusa. Mwingine akauliza kama inafaa kwa paa linalovuja. Idrisi akasema inafaa sana. Watatu wakataka kujua inapatikana wapi, na yeye, aliyeandika usiambie watu, akawaambia.

Kithaka alingoja mpaka mkono wa pili ukapakwa na kukauka. Aliigonga gadi kwa jiwe. Lami haikupasuka.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ni ya gari. Lakini barua ni mbaya. Mtu anaandika aje barua hana jina, hana salamu? Mwizi ndio anaandika hivyo."

"Ni kweli, afande," alisema Idrisi. Mashavu angekuwapo angempigia makofi Kithaka.

Walimtoa Karimi. Alitoka akikinga macho kwa mkono kwa sababu ya jua, kitambaa cha kichwa hana, jicho moja limefumba kwa uvimbe, anachechemea. Alikuwa amekaa humo siku mbili. Idrisi alitaka kumsaidia, hakujua amshike wapi.

"Pole, mama Mukami," alisema.

"Asante, fundi," alisema Karimi. Kisha akamgeukia Kithaka. "Pasi yangu."

Kithaka alitazama pembeni. Ile pasi ilikuwa imechanwa Alhamisi ile ile, pale pale mlangoni, ilipoonekana barua.

"Nyingine inatoka kwa Bwana D.O., ule mkubwa ya wilaya," alisema.

"Basi umwandikie," alisema Idrisi. "Umeona mwenyewe hana kosa."

"Mtu ameshikwa hapana pata pasi miezi tatu. Hiyo ndio sheria."

"Lakini ameshikwa bure!"

"Ameshikwa," alisema Kithaka, na hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa anaeleza tu. "Sheria hapana sema bure ama si bure. Inasema ameshikwa."

Idrisi alibisha. Alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Alimtaja mtoto, mguu, uzito uliofungwa, Alhamisi. Kithaka alimwacha aseme mpaka akaishiwa, kisha akamwambia aondoke kabla hajakumbuka kwamba hata yeye anaweza kushikwa.

Nje ya handaki Karimi alisimama kuvuta pumzi. Hakumlaumu, na Idrisi angependa alaumiwe, maana lawama mtu huweza kuijibu. Alisema jambo moja tu.

"Alhamisi Mukami huangalia mlango tangu asubuhi. Nenda wewe umwambie. Asidhani nimekufa."

"Nitakwenda."

"Usimwambie nimepigwa."

Idrisi aliahidi. Akamsindikiza mpaka kwenye kibanda chake, kisha akapita dukani kwa Njeru, akapiga hodi. Tumbo la Njeru lilikuwa bado linauma. Idrisi akaegemeza gadi mlangoni, akaondoka, halafu akarudi akaichukua. Kazi ni kazi. Jumanne lori lilikuwa na gadi zote, mbili za zamani na mbili alizozifua kwa bati jipya, na Ijumaa iliyofuata mkaguzi alilipitisha bila kuinama kutazama chini.

Lakini kabla ya Ijumaa hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mashavu alipika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, akaufunga kwa jani la mgomba. Idrisi alivaa kanzu, akasugua mikono kwa mafuta ya taa na majivu, ingawa lami ya kwenye kucha haitoki. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Nasi hatumcheki. Kuna maneno ambayo mtu akiyapanga mara ishirini bado hukataa kukaa sawa, na hayo yake yalikuwa ya namna hiyo.

Wodini alimtambua Mukami kabla hajaonyeshwa. Alikuwa ndiye mtoto pekee aliyelala uso umeelekea mlango. Idrisi alipoingia, mtoto alitazama nyuma yake, kama kuna mtu anafuata. Idrisi alivuta kibao, akaketi.

"Mimi naitwa Idrisi," alisema kwa Kiembu. "Mama yako ni mzima. Amenituma."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Hana pasi."

"Aliipoteza?"

Njia nyepesi ilikuwa hapo, wazi, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Idrisi akaitazama, akaipita.

"Hakuipoteza. Ilichanwa kwa sababu yangu. Niliandika barua vibaya, nikampa aibebe, wakafikiri ni barua mbaya. Mama yako hakukosa. Niliyekosa ni mimi."

Mukami aliwaza. Alikuwa na uso wa mama yake, wa mtu asiyeharakisha.

"Atakuja Alhamisi ijayo?"

"Hapana."

"Ile nyingine?"

"Hapana. Baada ya miezi mitatu. Nitakuja mimi, kila Alhamisi. Leo nimekuletea mukimo."

Mtoto hakuutazama mukimo. Alitia mkono chini ya mto, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha gazeti, akakifungua. Vilikuwa vipande viwili vya mkate.

"Jumatano tunapewa mkate," alisema. "Huwa simalizi. Huwa nampa mama, kwa sababu huko kijijini hakuna. Hula akiwa amekaa hapo ulipokaa."

Idrisi angetamani kuinuka kwenye kile kibao.

"Nipe mimi," alisema. "Mimi napita popote. Kesho nitampelekea, nakuahidi, nitamkabidhi mkononi."

Mukami aliitazama mikono yake iliyonyooshwa, na kucha zake nyeusi. Halafu akavifunga vipande vyake tena kwa lile gazeti, polepole, pembe kwa pembe, akavirudisha chini ya mto.

"Nitamngoja mwenyewe," alisema.